Onyo Lililobaki Kinywani

Ipo siku moja katika maisha yangu, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo chakula hunishinda kumeza. Haikuwa siku ya matanga wala ya vita. Ilikuwa siku ya kawaida ya shule, saa nne asubuhi, watoto wamepangwa uwanjani na mwalimu wao amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Mwalimu huyo alikuwa mimi. Umeniambia kwamba muhula ujao unaanza kazi ya ualimu, nami nimefurahi. Lakini kabla sijakupongeza nimeona nikusimulie siku hiyo. Kuishi kwingi ni kuona mengi, na mengine niliyoyaona niliyasababisha mwenyewe.

Wewe umezaliwa ukanikuta na mvi, kwa hiyo huenda hujui kwamba ujanani nilikuwa mtu wa majivuno. Babu yangu alikuja Kisumu kutoka pwani kwa kazi ya reli, akaoa hapa hapa, na sisi wajukuu tukazaliwa mtaa wa Kaloleni, Kiswahili kikiwa ndiyo lugha ya nyumbani. Wenzangu wengi, nyumbani kwao walisema Kijaluo, na Kiswahili walikiokota sokoni na darasani. Mimi niliwasahihisha. Mtu akisema "hii watoto" nilimkatiza kabla hajafika mwisho wa sentensi yake, hata kama alikuwa ananiletea habari ya maana. Kiburi si maungwana, walisema wazee, lakini mimi nilidhani msemo huo umetungwa kwa ajili ya wengine.

Babu ndiye aliyenifundisha majina ya mbinguni. Alinitajia sayari moja moja: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii, Zohali. Alinionyesha Kilimia, lile kundi la nyota ndogo zilizosongamana, akaniambia kwamba wakulima wa zamani walikuwa wakisema, "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua." Maneno hayo niliyapenda kama watoto wengine wanavyopenda sukari. Nilipofika chuo cha ualimu nikakuta vitabu vina mengine: mfumo wa jua, mhimili, kimondo, nyota mkia, galaksi. Nikayakariri yote. Niliamini kwamba anayelijua jina la kitu anakijua kitu chenyewe.

Nilipomaliza chuo walinipangia kazi katika shule ndogo ya watoto viziwi, nje kidogo ya mji, mahali ambapo upepo wa ziwa uliingia darasani na kupeperusha karatasi. Nilisononeka. Sikuwa nimesomea kufundisha viziwi, na nilitamani shule kubwa mjini ambako ningeonyesha ujuzi wangu. Zama zile, mwanangu, walimu wengi waliamini kwamba mtoto kiziwi akiachwa aongee kwa mikono atakuwa mvivu wa kusema. Ilibidi afundishwe kutazama midomo na kutoa sauti. Mikono ikae chini. Mwalimu mkuu wetu, mama mmoja mpole, hakulishikilia sana jambo hilo. Aliniambia, "Mwalimu, fanya unavyoona watoto wanaelewa." Kwa hiyo siwezi kumtupia lawama mtu mwingine. Aliyeamua kwamba watoto wakalie mikono yao darasani ni mimi.

Wakaikalia. Watoto kumi na wanne, kila mmoja na viganja vyake chini ya mapaja, wakinitazama mdomo. Nami nikautanua mdomo huo kama mtu aliye kwa daktari wa meno, nikitamka: sa-ya-ri. Nyo-ta. U-li-mwe-ngu. Nilikuwa nimechora ukutani picha kubwa ya mfumo wa jua kwa rangi za kununua mwenyewe, jua kubwa la manjano katikati, sayari zikilizunguka kila moja katika njia yake. Nilieleza kwamba nyota ina nuru yake yenyewe, na sayari huazima nuru ya jua. Kwamba jua letu nalo ni nyota, ila liko karibu nasi kuliko nyingine zote. Nilieleza vizuri sana. Watoto walipiga miayo.

Katika watoto hao alikuwamo msichana mmoja wa miaka kumi na mmoja, jina lake Achieng'. Alitoka upande wa Pap Onditi, ambako mama yake alilima mtama na mihogo. Kwa Kijaluo jua huitwa chieng', na mtoto wa kike anayezaliwa jua likiwaka hupewa jina hilo. Alikuwa mwembamba, ana pengo la jino moja la mbele, na alikuwa na tabia ya kutazama kitu kimoja kwa muda mrefu hata ukadhani amelala macho wazi. Homa ilimchukua usikivu akiwa bado ananyonya. Hakukumbuka kulisikia jina lake mwenyewe hata mara moja.

Achieng' hakupiga miayo. Aliitazama ile picha ya ukutani, na wakati wa mapumziko akaenda nyuma ya jiko na kuanza kuwafundisha wenzake. Kwa mikono. Shule yetu haikuwa na ishara za vitu vya angani, hakuna aliyeleta, basi yeye akazitunga. Jua lilikuwa ngumi juu ya kichwa ikifunguka vidole vyote. Sayari ilikuwa ncha ya kidole kimoja ikizunguka ngumi. Mirihi aliionyesha kwa kugusa ndani ya mdomo wa chini, palipo pekundu, kisha akazungusha kidole. Na Zohali, yenye pete, ilikuwa ngumi ya mkono mmoja huku kidole cha mkono wa pili kikiizunguka. Watoto wale wale waliosinzia mbele yangu walisimama mbele yake wameachama vinywa.

Niliyajua hayo kwa sababu niliyaona, na kila nilipoyaona niliyakomesha. Nilikuwa na rula ya mbao. Nilimchapa Achieng' kwenye vifundo vya vidole mara nyingi kuliko mtoto mwingine yeyote. Sikumchukia, mwanangu. Nilijiambia kwamba namjenga. Alikuwa anakunja vidole, anavipuliza kidogo, halafu ananitazama bila hasira, kama anayesubiri nimweleze kosa lake. Nami nikafungua mdomo na kumweleza kwa maneno asiyoyasikia.

Mtu mmoja tu alizungumza na watoto wale kwa raha, naye ni mpishi wetu, Mama Peres. Alikuwa mama wa makamo, mnene, hajamaliza hata darasa la nne. Alikuwa akikoroga ugali kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili anamuuliza mtoto kama tumbo limepoa. Siku moja alinifuata nikiwa nasahihisha madaftari.

"Mwalimu," akasema, "hii watoto hawaskii mdomo. Mdomo inatembea haraka. Mkono iko pole pole."

"Hawa watoto, Mama Peres," nikamsahihisha. "Mdomo unatembea. Mkono uko."

"Sawa, Mwalimu. Hawa watoto," akasema, akarudi jikoni kwake. Nilimsahihisha mama wa watu sarufi, nikaacha alichokuja kuniambia kikapita. Hilo nalo liko katika orodha ya mambo ninayomwomba Mungu anisamehe.

Basi ikatangazwa redioni kwamba kutakuwa na kupatwa kwa jua, nasi wa upande wa ziwa tutaliona likiliwa sehemu. Nilifurahi kama mtoto siku ya Idi. Nilitayarisha somo kwa wiki nzima. Nilichora ubaoni jua, mwezi na dunia katika mstari mmoja, nikapiga mistari ya nuru, nikaandika juu kwa herufi kubwa: KUPATWA KWA JUA. Nilijua hatari yake, maana chuoni tulifundishwa kwamba jua, hata likifunikwa nusu, huchoma jicho kwa ndani bila maumivu yoyote, na mtu hagundui hadi baadaye. Kwa hiyo nikatengeneza kadibodi yenye kitundu, ili nuru ipite hapo na kuangukia karatasi nyeupe chini, watoto waitazame picha ya jua kwenye karatasi wala wasiinue nyuso. Nilijiona nimefikiria kila kitu.

Siku iliyotangulia, alasiri, nilimkuta Achieng' nyuma ya jiko akiwaonyesha wenzake. Mkono wa kushoto ulikuwa jua, wa kulia ukawa mwezi, ukapita pole pole mbele ya jua, na kivuli cha mkono kikamwangukia usoni. Alikuwa amelielewa somo langu lote kwa kutazama mchoro tu. Mwalimu mwenye akili angekaa chini pale pale mavumbini na kuwa mwanafunzi wake. Mimi nilikwenda kuchukua rula.

Asubuhi yake tulitoka uwanjani. Niliwapanga mistari miwili, nikasimama mbele yao, nikatanua mdomo na kutamka kwa uangalifu mkubwa: "Msitazame jua." Nikarudia mara ya pili na ya tatu. Na mimi niliyewakataza kutumia mikono, nikanyoosha kidole changu juu, kulielekea jua, ili waelewe ninazungumzia nini.

Hebu litamke neno hilo mbele ya kioo bila sauti, mwanangu, uone. Katazo la Kiswahili limekaa mbele ya kitenzi, dogo kama punje ya wimbi. Ile "si" hupita kati ya meno bila midomo kufanya kazi ya maana. Kinachoonekana ni kile kinachofuata. Na kati ya "msitazame" na "mtazame" mdomo haubadiliki sana. Ongeza na kidole kilichoelekezwa mbinguni. Lakini hayo nilikuja kuyafikiri baadaye, na fikra inayokuja baadaye haina kazi. Majuto ni mjukuu.

Watoto walitikisa vichwa kukubali. Mama Peres alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko. Alinitazama, akawatazama watoto, akaja haraka huku anafuta mikono kwenye leso, akaanza kuwaonyesha ishara. Alikuwa ameshagusa jicho lake, ameshainua mkono juu, nilipomkatiza.

"Mama Peres, hapa ni darasani. Tafadhali rudi jikoni."

"Lakini Mwalimu, wacha niwaambie tu..."

"Nimeshawaambia. Nenda."

Aliteremsha mikono, akaenda. Sijui kama unaelewa nilichokifanya hapo. Onyo lilikuwa limekuja lenyewe kwa miguu yake hadi katikati ya uwanja, nikalifukuza.

Mwezi ulianza kuliingia jua upande mmoja. Nilipiga magoti, nikaishika kadibodi, na pale kwenye karatasi ikatokea picha ndogo ya jua, kama biskuti iliyong'atwa. Watoto walisongamana kunizunguka. Mwanga ulififia uwanjani, ukawa mweupe wa ajabu, na upepo wa ziwa ukapoa. Nilikuwa nikitaja majina, sayari, mwezi, kivuli, mzingo, nikijisikia mtu wa maana kuliko wote waliokuwa Kisumu asubuhi hiyo. Sikuhesabu watoto.

Nilipoinua kichwa nilimwona Achieng' peke yake karibu na tangi la maji. Alikuwa ameuelekeza uso juu, macho wazi kabisa, machozi yanamtiririka mashavuni, hapepesi. Wenzake wawili watatu walikuwa wamejaribu na kushindwa, nikaja kuambiwa, wakakimbilia kivulini. Yeye alivumilia kwa sababu mwalimu alikuwa ameagiza. Mikono yake ilikuwa kifuani, ngumi na kiganja, ikifuata kila kilichotendeka kule juu.

Nilikimbia, nikamfunika macho kwa mkono. Aliushusha mkono wangu taratibu, akanitafuta uso, akatabasamu na lile pengo lake. Alidhani nimekuja kumsifu.

Asubuhi iliyofuata alijigonga kwenye mlango wa bweni akiwa anautazama. Darasani alisogea mbele, akasogea nyuma, akaniinamishia kichwa upande mmoja kama kuku anayekagua punje. Mama Peres alimchukua kando, wakazungumza kwa mikono. Kisha Mama Peres akanijia, na safari hii hakuniita kando.

"Anasema katikati imeingia shimo," akasema. "Akiangalia mtu, kichwa ya mtu haiko."

Tulimpeleka hospitali mjini. Daktari alimkagua kwa muda mrefu, akatueleza kwamba jicho limeungua kwa nyuma, mahali pale penye kuona vitu vidogo, kama herufi na sura ya mtu. Angeendelea kuona pembeni. Jicho moja huenda likapata nafuu kidogo. Dawa hakuna. Nilipokuwa namsikiliza daktari, Achieng' alikuwa ameketi kando yangu, anagusa kope zake kwa vidole, anazifumba na kuzifumbua, kama mtu anayejaribu taa iliyokataa kuwaka. Nikakumbuka kwamba mtoto huyu alikuwa na mlango mmoja tu wa kuingizia dunia, nao ni macho.

Mama yake alikuja kutoka Pap Onditi siku ya tatu. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, amevaa viatu vya mpira vyenye tope la shambani. Tuliketi ofisini, mwalimu mkuu, yeye, Achieng', Mama Peres na mimi. Mwalimu mkuu alisema imekuwa ajali. Yule mama alisikiliza, kisha akanigeukia mimi.

"Mwalimu, ulimwambia asiangalie?"

"Nilimwambia, Mama. Mara tatu. Mbele ya wote."

Alimtazama Mama Peres, akamwomba kwa Kijaluo amuulize mtoto. Mama Peres alipiga magoti karibu sana na Achieng', upande ule alioona, akamuuliza kwa mikono: Siku ya jua, mwalimu alisema nini?

Achieng' hakusita hata kidogo. Alinielekezea kidole. Akagusa jicho lake, akainua mkono, ngumi ikafunguka juu ya kichwa. Angalia jua. Kisha akavitazama vifundo vya vidole vyake, akaiweka mikono haraka chini ya mapaja.

Nilingoja yule mama anitukane, anipige, afanye lolote. Hakufanya. Alisema tu, "Sawa, Mwalimu," akasimama, akaenda bwenini kuchukua sanduku la mtoto. Walitoka langoni wawili, sanduku kichwani kwa mama, Achieng' ameshika leso yake kwa nyuma.

Nilimfuata Mama Peres jikoni. Sikujua naenda kusema nini. Nadhani nilitaka aniambie kwamba si kosa langu. Nikaanza, "Mama Peres, mimi nilisema. Wewe ulikuwepo, ulinisikia nikisema."

"Mimi nilisikia, ndiyo. Mimi niko na maskio," akajibu. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho. "Ulisema, Mwalimu. Lakini hukuwaambia."

Mwanangu, nimesoma vitabu vingi vya lugha, na hakuna kilichonionyesha tofauti ya maneno hayo mawili kama yule mama asiyemaliza darasa la nne. Kusema ni kutoa sauti kinywani. Kuambia ni lazima kuwe na mtu upande wa pili, na liwe limemfika. Nilisimama pale mlangoni nikalia. Hakunibembeleza. Alipoona nimetulia akanisogezea kigoda na ungo.

"Keti. Chambua," akasema. "Halafu nitakuonyesha hiyo mikono."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kujifunza, jikoni, moshi wa kuni machoni, nikiwa na umri wa miaka ishirini na sita. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami ilibidi niiname hadi kwenye kigoda cha mpishi. Niliivunja rula kwa mkono wangu na kuitia motoni. Lakini watoto walikuwa wameshanipa jina. Viziwi humpa kila mtu jina la ishara, kufuatana na alama yake, mwenye ndevu, mwenye kovu, mwenye kucheka. Nilimuuliza Mama Peres jina langu ni lipi. Alikataa kwa siku kadhaa. Mwishowe akanionyesha: kiganja kimoja kimenyooka, kinagonga vifundo vya vidole vya mkono wa pili. Ndilo nililoitwa hadi nilipostaafu. Watoto waliokuja miaka ya baadaye hawakujua hata maana yake.

Baada ya miezi saba nilikwenda Pap Onditi kuomba msamaha. Miezi saba, mwanangu, kwa safari ya asubuhi moja tu. Aibu ilikuwa imenifunga miguu. Yule mama alinipokea, akaniletea chai na viazi vitamu, maana ni mtu wa heshima. Achieng' alitoka nje akaketi mbele yangu, kichwa amekigeuza upande ili anione. Nikamwambia kwa mikono yangu migeni: Kosa ni langu. Wewe hukukosa. Nisamehe. Nikamwambia arudi shuleni, nitamfundisha mwenyewe kwa mikono.

Alinitazama mikono muda mrefu. Kisha akajibu, na jibu lake lilikuwa swali, hilo nililitambua kwa nyusi zake. Lakini sikulielewa. Mikono yake ilikwenda haraka, kulikuwa na jua ndani yake, na kitu kingine juu ya kifua, na kitu cha kuondoka au kurudi. Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba tena. Akarudia polepole, kwa subira, kama mtu anayemfundisha mtoto mzito. Mama yake hakuwa na ishara hizo. Yeye alizungumza na mwanawe mambo ya chakula na kuni tu. Mama Peres hakuwepo. Mara ya tatu niliposhindwa, Achieng' aliitua mikono yake magotini, akainuka, akaingia ndani.

Shuleni hakurudi. Niliporejea mwaka uliofuata mama yake akaniambia amepelekwa kwa shangazi yake, akasaidie kazi za nyumbani.

Nilibaki katika shule ile maisha yangu yote ya kazi. Walinipa nafasi ya kuhamia mjini mara mbili, nikakataa. Nilifundisha sayari na nyota kwa ishara za Achieng', na watoto hawakupiga miayo tena. Ukiniuliza kama hilo lilinifariji, nitakujibu kwamba mwenye kovu usidhani amepoa. Kila mtoto aliyeelewa alinikumbusha yule aliyeelewa kabla yao wote, nami nikamzuia.

Ikapita miaka kumi na mbili. Siku moja nikiwa soko la Kibuye, upande wa nguo za mitumba, nikamwona mwanamke kijana anamhudumia mteja. Alikuwa anapapasa mshono wa gauni kwa vidole, na kila mtu alipokuja alimwinamishia kichwa upande mmoja. Nikasimama mbele ya meza yake. Aliniuliza kwa ishara ya mkono nataka nini. Hakunitambua, na angenitambuaje, mtu ambaye kwake nyuso hazina katikati? Ilinibidi nijitaje. Na jina langu kwa lugha yake lilikuwa moja tu. Nikanyoosha kiganja, nikakigonga kwenye vifundo vya vidole vyangu.

Aliliweka gauni mezani. Kisha akauliza: Bado unapiga?

Nikamjibu: Hapana. Niliacha ulipoondoka.

Akaitikia kwa kichwa. Nikamwambia ishara zake ziko shuleni hadi leo, nikamwonyesha Zohali. Alinishika kidole changu bila kusita, akakiinamisha kidogo. Pete yake imelala upande, akaniambia, kama ile ya ukutani. Miaka yote hiyo nilikuwa nawafundisha watoto ishara yake kwa makosa.

Ndipo nikamuuliza lile lililokuwa likinikosesha raha. Nikamkumbusha siku niliyokwenda kwao, nikamwambia: Uliniuliza swali mara tatu, nami sikuwa na mikono ya kulielewa. Sasa ninayo. Uliniuliza nini?

Alifikiri, kichwa kimeinama. Mwishowe akatabasamu kidogo. Sikumbuki, akasema. Nilikuwa mtoto. Watoto huuliza mengi.

Mteja alikuwa amefika na kushika gauni la buluu. Achieng' akamgeukia.

Hayo ndiyo niliyotaka uyajue kabla hujashika chaki. Swali la mtoto lina siku yake. Likikupita halikungoji uende ukajifunze namna ya kulisikia. Mtoto hukua, maisha humjaa, na swali hupotea naye haoni hasara. Wewe ndiye utakayebaki nalo. Basi usifurahie wingi wa maneno uliyonayo. Mimi nilikuwa na majina yote ya mbinguni, kutoka Utaridi hadi galaksi za mbali, na lile moja dogo la kumwokoa mtoto halikumfika. Ukimfundisha mtu, muulize ameelewa nini, usimuulize kama ameelewa. Akikujibu kwa namna usiyoijua, jua kwamba anayepaswa kujifunza hapo ni wewe. Na akija mpishi, au mfagiaji, au mama mwenye Kiswahili kilichovunjika, mwache amalize sentensi yake. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Ukikosea, nenda kaombe radhi siku hiyo hiyo, hata kama mikono inakutetemeka na maneno hayatoshi. Usingoje miezi saba.

Nenda basi, mwanangu. Mola akujalie darasa lenye watoto wakaidi wenye maswali, na akupe moyo wa kuyangoja hadi mwisho. Akulinde na sifa za mapema. Akuweke mbali na jeraha usiloweza kulitibu, na kama litakuja, akupe mtu mkweli wa kukuambia. Na watoto watakaokaa mbele yako, mmoja mmoja kwa jina lake, warudi kwao jioni wakiwa wazima kama walivyokujia asubuhi. Amina.